Pesa ilikuja Februari, kadi ikadai Juni

Bi Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Sahare hapa Tanga. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Chombo si chake, anaishi kwa mgao. Mimi nakaanga bajia na viazi vya karai, asubuhi nauza karibu na shule, jioni mbele ya nyumba. Tunaishi na mama mkwe, mwaka huu ametimiza miaka 68.

Mwaka jana mwezi wa Juni alipita mtaani afisa mwandikishaji wa CHF, ule mfuko wa afya ya jamii. Akatupiga picha kwa simu mmoja mmoja, tukalipa 30,000 ya mwaka mzima. Kadi inachukua watu sita na sisi tuko saba, mama mkwe mwenyewe akasema aachwe yeye, waandikwe watoto. Ndani ya mwaka tuliitumia mara mbili. Mara ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mara ya pili, kwenye kituo kimoja cha afya, tulipewa vidonge vya maumivu tu, nyingine nikaambiwa kanunue nje. Nilinunua za 14,000. Siku ile nilijiuliza nililipia nini.

Februari mwaka huu wa 2025 dagaa walikubali. Mume akaniwekea mkononi 30,000 akasema, "Hii ya kadi, usiiguse." Bi Mkubwa, niliigusa. Ramadhani ilipoingia nilitoa 10,000 ya unga na sukari. Karibu na Idd wadogo wawili hawakuwa na viatu, ikaondoka iliyobaki. Nikajiambia nitairudisha Mei nikipokea upatu. Mei nikapokea, ikaishia kwenye sare na deni la duka. Juni kusi limeshika, mume anarudi wiki nzima na 4,000. Kadi ikafa. Sikumwambia.

Agosti, usiku, mwanangu wa pili mwenye miaka 9 alibanwa na pumu. Baba yake yuko baharini. Nikapanda bodaboda mpaka kituoni, nikatoa kadi. Yule dada wa dirishani akaandika namba, akatazama, akasema kwa sauti, "Mama, kadi yako imekwisha tangu Juni." Nyuma yangu foleni. Nilimpigia jirani simu anitumie pesa, nikalipa: kumwona daktari 6,000, mashine ya kuvuta dawa 9,000, vidonge na pampu 12,000. Bodaboda kwenda na kurudi 4,000. Mume aliporudi nikamwambia kadi imetusaidia.

Kumbe nimejichimbia shimo. Sasa kila akishuka diko anawasimulia wenzake jinsi kadi ilivyomwokoa mwanawe, anawahimiza na wao wajiandikishe. Mmoja amekuja mpaka nyumbani kuniuliza utaratibu. Nilitamani ardhi inimeze.

Kuna mama hapa mtaani anakopesha kausha damu. Yuko tayari kunipa 30,000 nirudishe 42,000 baada ya mwezi. Nichukue nilipe kimyakimya? Dada yangu aliyeolewa Mombasa ananitisha kuwa nitatozwa faini ya miezi yote niliyokosa. Na kusema kweli moyo wangu mwingine unaniuliza, kadi yenyewe ina faida gani ikiwa dawa hazipo?

Mke wa Mvuvi, Sahare

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka mingi nyuma ya dirisha la mapokezi kwenye kituo cha afya, kwa hiyo yule dada aliyekusomea hukumu mbele ya foleni namjua. Nimewahi kuwa yeye, na nakuomba radhi kwa niaba yake, maana jambo lile husemwa kwa sauti ya chini. Na wewe nakujua. Mtu mwenye kadi iliyokufa huisukuma taratibu kwenye kaunta, halafu hutazama ukutani, kwenye lile bango la chanjo, kama vile analisoma. Nilikuwa najua jibu kabla sijaandika namba.

Nianze na faini, maana hiyo ndiyo inayokunyima usingizi bure. Dada yako hakudanganyi, ila anakupa habari za kwao. Kenya, mfuko wao wa zamani ulimtaka aliyejiajiri achangie shilingi 500 za kwao kila mwezi, na akichelewa alipigwa faini. Oktoba 2024 wakahamia kwenye SHA, mamlaka yao mpya ya bima ya afya. Huko mtu anachangia asilimia 2.75 ya kipato, isipungue 300 kwa mwezi, na asiye na mwajiri anatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Muuza mchicha wa soko la Kongowea, huko Mombasa, aitoe wapi ya mwaka kwa siku moja? Wengi walikwama hapohapo, mpaka serikali yao ikaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa mchango wa mwaka kisha unalipa kidogo kidogo. CHF yetu haiendi hivyo. Unalipia mwaka unaokuja. Miezi uliyokaa bila kadi uliilipa mwenyewe pale dirishani, hakuna anayekudai tena. Nimeona akina mama wakikaa miaka miwili bila kurudi kwa kuogopa deni ambalo halipo.

Sasa hilo la kadi kufa. Umeandika barua nzima ukijishitaki, umeigusa, hukuirudisha, ukanyamaza. Mimi nimeisoma mara mbili na kilichonikaa ni tarehe. Pesa ilikuja Februari, kadi ikadai Juni. Baina yake kuna miezi minne, na ndani ya miezi minne hiyo kuna Ramadhani na Idd. Niambie mama gani mwenye watoto wanne atakayelala na noti tatu za elfu kumi juu ya kabati huku wadogo wanakwenda kuswali Idd miguu mitupu.

Wewe unaishi na bahari kwa hiyo sikufundishi. Boti ya dagaa huvua giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hakusanyiki kufuata taa ya mtu, watu wanashona nyavu na kudaiana. Na juu ya mwezi kuna pepo: kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hadi Machi, jikoni kuna moshi, kusi likishika bahari inachafuka, mafuta ya boti yanaliwa na mawimbi, na mgao ni huo wa 4,000. Sasa tazama afisa mwandikishaji wenu alikuja lini. Juni! Tanga waja leo waondoka leo: alikuja siku hiyo moja, akapiga picha, akaondoka, na tokea hapo kila mwaka kadi yenu itakuwa inaisha katikati ya kusi. Hakuna aliyekaa akakupangia hivyo kwa ubaya. Lakini hakuna aliyekuuliza pia.

Mlinganishe na mwalimu wa hapo shuleni unapouza bajia. Yeye yuko NHIF, mfuko wetu wa taifa wa bima ya afya, tangu aajiriwe. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wake inakwenda, mwajiri anaongeza 3 nyingine, na yeye hajawahi kuchelewa hata siku moja. Ni mwadilifu kuliko wewe? Hapana, mwanangu. Anakatwa kabla pesa haijamfikia. Ingekuwa anapewa mshahara wote mkononi Februari, anaambiwa asubiri mpaka Juni aende mwenyewe kulipia bima, ungekutana naye kwenye foleni naye anasoma bango la chanjo.

Hayo ni upande wa tarehe. Upande wa dawa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mwaka ule kadi haikukulipa sawasawa. Ulitoa 30,000, ukahudumiwa vizuri mara moja, mara ya pili ukanunua dawa za 14,000. Mtu akirudi nyumbani na karatasi ya dawa badala ya dawa, hiyo ndiyo siku anayoamua kutolipia mwakani, hata kama mwenyewe hajui kuwa ameamua. Nadhani na wewe uliamua siku ile. Viatu vya Idd vilikuja kumalizia tu. Nilipokuwa dirishani tulipenda kusema watu hawana elimu ya bima. Sikuwahi kuikubali kauli hiyo. Mama anayejua bei ya kilo ya dengu katika maduka matano ya Ngamiani ana hesabu ya kutosha kujua kama anaibiwa.

Lakini hesabu hiyohiyo ifanye na upande wa pili. Usiku wa Agosti ulilipa 27,000 pale kituoni. Bodaboda niiache, bima haimlipi mtu bodaboda. Kwa usiku mmoja wa mtoto mmoja umebakiza 3,000 tu kufika bei ya kadi ya watu sita ya mwaka mzima. Na pumu haiji mara moja ikaaga. Vumbi, moshi, baridi ya alfajiri wakati wa kusi, vyote vinaiita. Na wewe unakaanga bajia. Mkalishe mtoto mbali na karai, hilo halina gharama.

Ujue pia kuwa kadi hii imetoka mbali. Mfuko ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, sheria yake ikaja 2001, na kwa miaka mingi kila halmashauri ilijipangia bei yake na kadi ikafia mpakani: ukivuka wilaya ni karatasi. Ilipoboreshwa mwaka 2018 ndipo ikawa 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na ikaanza kufika mpaka hospitali ya mkoa. Ila inapanda ngazi. Unaanzia zahanati au kituo cha afya, huko ndiko unakopewa barua ya rufaa. Wapo wanaokwenda Bombo, hospitali ya mkoa wetu, moja kwa moja na kikohozi chao, wanaambiwa walipe taslimu, wanarudi mtaani wakitangaza kuwa CHF ni utapeli. Dharura ni jambo jingine, mtoto akibanwa usiku usitafute barua ya mtu.

Siku nyingine ukiambiwa dawa hakuna, usiondoke kichwa chini. Omba uandikiwe jina la dawa na tarehe, kisha muulize mganga mfawidhi, mkuu wa kituo mwenyewe, kwa adabu, itapatikana lini. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wanaotokana na wananchi. Mwenyekiti wenu wa mtaa anawajua. Peleka karatasi hiyo huko. Mkiwa wanne watano wenye karatasi za namna hiyo mnasikilizwa. Mmoja akilalamika tu barazani, anasikilizwa na baraza.

Turudi kwenye kausha damu. Usichukue! Uchukue 30,000 urudishe 42,000, mwezi wenyewe Septemba, kusi halijaisha, wateja wa bajia walewale. Ukichelewa wiki moja, yule mama atakuja na wenzake kuchukua karai na jiko, na hapo umepoteza kadi na biashara. Ile 12,000 ya ziada ni karibu miezi mitano ya mchango wa bima, unaitoa ili mume asijue. Nakuuliza, una uwezo wa kununua siri kwa bei hiyo?

Badala yake nenda kwa kijumbe wako, yule anayekusanya pesa za upatu. Mweleze ni matibabu ya mtoto mwenye pumu, muombe akubadilishie zamu na mtu aliye mbele. Akina mama hawa hawakatai jambo la mtoto, na zamu haina riba. Kama uko kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, uliza mfuko wake wa jamii: ule umewekwa kwa maradhi na misiba, na kulipia kadi ni kutibu kabla ya ugonjwa. Nawajua wanakikoba wanaokata kwenye mfuko huo wakalipia kadi za wanachama wote kwa siku moja, mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado. Mwanachama haioni pesa hiyo, kama yule mwalimu.

Ningetamani nikwambie usubiri Novemba dagaa warudi, ili mwaka wako mpya wa kadi uangukie msimu mzuri. Kama si yule mtoto, ningekwambia hivyo. Pumu haisubiri pepo. Lipia mara upatapo, na siku unayolipa muulize afisa mambo mawili: huduma inaanza lini hasa, isije ikawa kuna siku za kungoja ukaumbuka tena, na kama bei bado ni ileile. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, mambo yanaweza kubadilika, usije ukavunja kibubu ukakuta hakijatosha.

Ndiyo, kibubu. Kile cha mbao kilichopigwa misumari, hakina mlango. Mwachie mama mkwe akiweke chumbani kwake. Msihesabu kwa mwezi wa kalenda, hesabuni kwa giza. Kila giza likiisha na mgao ukigawiwa, 2,500 inaingia kabla ya sukari. Giza kumi na mbili, 30,000 imetimia, na giza la kusi lililokataa kabisa mtalifidia kwenye kaskazi kwa 5,000. Mume atie kwa mkono wake mwenyewe. Noti ikishapita kwenye tundu haina tena mtu wa kuiambia usiiguse.

Na mama mkwe huyo, mliyemwacha nje ya sita. Sera ya afya inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza atibiwe bila malipo, ila hatambuliwi kwa mvi zake. Lazima apitie serikali ya mtaa, aandikwe, apewe kitambulisho au barua. Nenda naye kwa mtendaji asubuhi, uchukue na kitambulisho chake cha taifa kama anacho. Mtoto wa chini ya miaka 5 naye sera inamtibu bure, kama mwanao mdogo yuko humo. Wapo wanaoacha kulipia kadi kwa sababu tu hawawezi kuamua nani awe wa saba, wanaona bora wote wakose.

Limebaki la mume. Mwambie. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe siri yako haiko hata kabatini tena, inatembea diko kwa mdomo wake mwenyewe. Siku wenzake watakapojiandikisha kwa kumsikiliza yeye, halafu wakasikia kadi yake ilikufa Juni, aibu itakuwa yake mbele ya watu. Hilo ndilo litakalomuumiza, kuliko 30,000.

Usimwambie usiku anapojiandaa kutoka, wala alfajiri anaporudi na chumvi mwilini. Subiri mbalamwezi, yuko nyumbani, ameshalala, ameshakula. Mwambie mfululizo usikate: ile pesa niliitumia, Ramadhani kiasi hiki, viatu kiasi hiki, usiku ule nililipa taslimu, jirani ndiye aliyenitumia, na nilikudanganya. Usianze na dawa zilizokosekana kituoni, atadhani unatafuta pa kuegemea. Halafu mwambie ulichokwisha kufanya: kijumbe amekubali au amekataa, kibubu hiki hapa. Akikasirika mwache akasirike. Akiuliza pesa yenyewe ilikwenda wapi, viatu viko mlangoni.

Yule mwenzake aliyekuja kukuuliza utaratibu, mpe, ni uleule. Umwongezee moja ambalo wewe hukuambiwa: asijiandikishe Juni.

Kadi ikipatikana usiirudishe kule juu ya kabati. Itie kwenye mfuko mmoja na pampu ya mtoto, uutundike msumarini karibu na mlango, mahali ambapo hata mama mkwe ataufikia gizani wewe ukiwa umetoka.

Bi Mkubwa